Chewa Hahami

9 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia mimi dada yako mpaka paka aliyehamia jikoni kwangu bila kualikwa. Sisi wazima. Shemeji yako mgongo umempoa tangu apate mashine mpya ya boti, maana ile ya zamani ilimvunja mbavu kwa kuvuta kamba kila asubuhi. Bati la chumba cha nyuma limeacha kuvuja. Jino langu la mwisho linanisumbua, lakini bado linatafuna. Na wewe je, unakula? Usiniambie hujambo ukanyamaza. Sema umekula nini.

Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumba hii ni ya shemeji yako, na mtu akiongea nayo, yeye husikiliza kama redio. Dereva wa lori la barafu amekubali kubeba barua zetu. Si anatoka huko huko kiwandani kwako?

Sasa habari za mwanao. Yule mtoto uliyeniachia baada ya mazishi ya mama yake, aliyekuwa hataki kuchana nywele wala kuongea na mtu, leo ndiye kiranja wangu. Nilikwambia shule imenipa watoto kila Jumamosi niwafundishe kuvua pale gatini. Basi nawafundisha kufunga ndoano, kutupa mshipi bila kumtoboa mwenzio sikio, kulowesha mikono kabla ya kumshika samaki ili ule ute wake usibanduke. Samaki akishatolewa anapimwa kwa kijiti. Akiwa mfupi kuliko kijiti, anarudi majini. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nawaambia wanangu, mbichi huyu msimkunje hata kidogo, mrudisheni kwao.

Bwana wa mazingira katuletea vipande vya plastiki vya kufunga kwenye pezi la mgongo kabla ya kumwachia samaki. Watoto wanaviita hereni. Kila mtoto anachora alama yake kwa sindano ya moto. Mwanao, kwa kuwa wewe mwenyewe ulimwita Chubwi kwa uzito aliozaliwa nao, kachora chubwi la mshipi, ile risasi ya kuzamishia ndoano, na tundu lake juu. Jumamosi alivua chewa mdogo mwenye madoa, akamvisha hereni, akambusu. Nikamwambia ukibusu samaki utaolewa na mwenye magamba. Akasema atamngoja akue, kisha amvue tena ampime.

Ameniagiza hivi: ukiona samaki mwenye hereni yake, umwandikie yuko wapi. Nimemwambia baba yako anatengeneza barafu, havui. Akanijibu kwamba barafu inakwenda kwa samaki. Sasa hapo utabisha nini? Mjibu mtoto.

Dada yako

3 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua imefika, imelowa pembeni, lakini nimeisoma yote, hata pale wino ulipovuja nilikisia kuwa unanigombeza.

Mimi mzima. Tunalala wanne chumba kimoja chenye dirisha moja, na dirisha lenyewe linatazama ukuta. Mmoja wetu anakoroma mpaka kikombe kinacheza juu ya sufuria. Nakula. Nakula maharage mpaka naogopa kucheka mbele za watu. Umeridhika?

Kazi ni ile ile, baridi na kusimama. Hakuna la kusimulia hapo.

Mwambie Chubwi nimefurahi mpaka nimemwonyesha mwenzangu barua, yule anayekoroma, naye kasema mtoto huyu atakuwa mkubwa wa watu. Mwambie nafungua macho. Nikimwona chewa wake nitamwandikia. Shemeji msalimie sana, mashine mpya idumu.

Mdogo wako

24 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako inanuka. Nimeianika kwenye kamba na nguo, bado inanuka, hata yule paka kaja kuilamba. Barafu gani hiyo, ndugu yangu? Au mnaigandisha kwa maji ya kuoshea samaki? Nakutania. Lakini inanuka.

Huku ni heri tu. Shemeji yako kapaka boti rangi. Dereva siku hizi akija anakunywa chai naye kwanza, wanacheka wee, ndipo mimi nakumbukwa na barua yangu. Nimefurahi kuona wanaume wameshibana.

Kubwa la mwezi huu ni maboya. Unajua kile kihori nyuma ya gati, ule mkono mdogo wa bahari wenye matumbawe, tulikokuwa tunajificha tukikimbia kufua? Samaki wote tunaowarudisha tunawaachia hapo, maana kuna mashimo ya kujificha. Watoto wakasema tuweke uzio ili wavuvi wajue hapa hairuhusiwi kuvua. Tukaokota madumu, tukayapaka rangi nyekundu, tukayafunga kamba na mawe, tukazungusha kihori kizima. Boti ya kuyapeleka katoa shemeji yako mwenyewe, na akashika usukani. Wazazi walikuja, mwalimu mkuu akahutubia, Chubwi akaeleza mbele ya watu maisha ya chewa: kwamba chewa hahami, akichagua jiwe lake anakaa hapo hapo mpaka awe mkubwa, kwa hiyo ukimlinda leo utamkuta kesho. Hakukosea neno. Shemeji yako alipiga makofi kuliko wote.

Nilitamani ungekuwepo. Nalia huku naandika, upuuzi mtupu. Mtoto anakusubiri umwambie umemwona chewa.

Dada yako

20 Mei

Mdogo wangu,

Nimekuandikia mara mbili, hujajibu. Dereva anasema upo, anakuona getini, una mikono na miguu. Sasa vidole ndivyo vimekufa? Mtoto anamkimbilia dereva kila lori likija, na kila lori likija anarudi polepole. Kama unaumwa sema. Kama umeoa sema vilevile, tutazoea.

Dada yako

11 Juni

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Siumwi wala sijaoa, nani ataniona mimi na harufu hii? Natumaini jino lako limepoa. Mwenzetu aliyekuwa anakoroma ameondoka, na sasa ndiyo sipati usingizi.

Nina maswali machache, na ukisharudisha majibu usiniulize kwa nini. Lori likishashusha barafu huko kwenu, linarudi tupu au na mzigo? Mzigo ni wa nani? Shemeji anavua upande gani siku hizi? Na zile kreti zake za bluu, zile tulizotoboa chini kwa msumari wa moto, mimi nikamshikia akatoboa, bado anazo yeye au aliziuza?

Usimwambie Chubwi kwamba nimeuliza. Usimwambie shemeji pia. Mwambie mtoto bado naangalia.

Dada, kikulacho ki nguoni mwako. Sisemi zaidi.

Mdogo wako

28 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa sina hamu nayo. Miezi unanyamaza, halafu unakuja na maswali ya polisi. Kreti ni za shemeji yako, hajaziuza, aziuze kwa nini? Anavua anakovua. Mimi sikai botini nikamwangalia. Mwanamume huyu ndiye anayemvisha mwanao sare, ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati alipotapika usiku kucha. Kama una methali za nguoni, vua nguo zako kwanza utazame.

Habari nyingine si nzuri. Samaki wamepungua gatini. Watoto wanakaa na mishipi asubuhi nzima, wanarudi na chambo kilekile. Wiki iliyopita mtoto mmoja alivua ndala, akaipima kwa kijiti, akasema hii imevuka, tunaila. Tulicheka, lakini Chubwi hakucheka. Bwana wa mazingira anasema huenda maji yamepata joto. Nikamwuliza nani anazungukia kihori usiku. Akasema ofisi yake ina pikipiki tu. Bahari haipandwi kwa pikipiki, mdogo wangu.

Chubwi kaacha kumkimbilia dereva. Ananiuliza tu, kwa upole, kama dereva kapita. Huo upole wake unanitisha kuliko angelia.

Kama kuna kitu unakijua, kiseme. Au kinyamazie mpaka mwisho. Usinipe nusu.

Dada yako

15 Julai

Dada,

Shikamoo. Safari hii sina habari za nyumba wala za chumba. Nakwenda moja kwa moja, nisije nikarudi nyuma.

Mimi sitengenezi barafu. Niliingia kwa barafu, kisha wakanihamishia upande wa pili wa ukuta, kwenye mashine ya kusaga. Samaki wadogo wasiofaa sokoni wanaletwa huku, wanasagwa unga wa chakula cha kuku. Mimi nasimama kwenye mkanda. Samaki wanapita mbele yangu, na kazi yangu ni kutoa mawe, vipande vya kamba na plastiki kabla hawajafika kwenye meno ya mashine. Sikukwambia kwa sababu wewe uko gatini unawarudisha mmoja mmoja, na mimi niko huku. Ningekwambiaje?

Mwezi wa nne ilipita hereni nyekundu. Nikaitoa, nikaitupa kwenye ndoo, nikasema ni ya watoto wa mahali pengine. Siku iliyofuata zikapita nyingine. Kisha akapita chewa mwenye madoa, mdogo, hajazidi kiganja changu, na mgongoni ana chubwi limechorwa na tundu lake juu. Dada, nilimshika. Msimamizi alikuwa nyuma yangu anaita mkanda usisimame. Nikatoa plastiki, kama nilivyoajiriwa. Samaki akaenda na wenzake.

Waliomwagwa siku ile walitoka kwenye kreti za bluu zenye matundu chini. Nilikwenda kuziangalia mwenyewe. Matundu nayajua.

Nimeshindwa kulala na nimeshindwa kuandika. Na mtoto anasubiri jibu. Basi nimemwandikia karatasi hii ndogo, nimeitia kwenye bahasha yake mwenyewe na hereni yake ndani. Isome wewe kwanza. Ukiona haifai, ichome moto, mimi sitauliza.

Mdogo wako

*Mwanangu Chubwi, shikamoo yako nimeipata. Nina habari njema. Wavuvi wa huku mbali wamemvua chewa wako. Amekuwa mkubwa, ananenepa, amevuka kijiti chako mara mbili. Walipoona hereni walijua ana mwenyewe, wakamwachia tena baharini na hereni wakanipa nikuletee. Amesafiri sana. Endelea kusoma. Baba.*

2 Agosti

Mdogo wangu,

Karatasi sikuichoma. Ningeichoma vipi, wakati dereva alimpa mtoto bahasha zote mbili mkononi kwa kuwa mimi nilikuwa nimeinama chooni nafua? Alikuwa ameshaisoma nilipotoka. Yako ya kwangu hakuifungua, ilikuwa na jina langu. Hivyo ndivyo nilivyomlea, hafungui cha mtu.

Jumamosi akaipeleka gatini. Watoto waliruka mpaka mbao zikalia. Mwalimu mkuu kaibandika karatasi yako ukutani, na sasa kila mzazi anataka mwanawe avishe samaki hereni. Bwana wa mazingira ameahidi kuleta mfuko mwingine. Umeona ulichofanya? Tumeambiwa tuwaachie wengi zaidi, pale pale ndani ya maboya.

Kuhusu shemeji yako, nilijua. Sijui nilijua tangu lini. Niliuona wavu umeanikwa nyuma ya nyumba, macho yake madogo hata kidole hakipiti, nikajiambia ni chandarua. Nani ana chandarua cha urefu ule? Juzi nilimwuliza, kwa sauti ya chini kwa sababu mtoto alikuwa ndani. Hakukana. Aliketi kwenye ndoo, akanitazama kwa huruma kabisa, akasema:

"Mimi nilikuwa sijui tena samaki wamejificha wapi. Maboya mmeweka nyinyi."

Nikamwambia nitakwenda kwa bwana wa mazingira. Akasema nenda. Akasema boti itachukuliwa, yeye atafungwa, na kesho ataingia mwingine kihorini, maana madumu yanaonekana mpaka barabarani. Kisha akaniuliza, "Na mdogo wako atasaga nini?" Kumbe anajua unakofanya kazi. Dereva alimwambia zamani. Wanaume wote mlijua, mimi ndiye nilikuwa nahesabiwa mjinga wa kupima kwa kijiti.

Sikwenda. Nilivaa viatu, nikafika mpaka kwenye kona ya ofisi, nikawaona wamekaa nje wanacheza karata, nikarudi. Nilifikiria sare, chumba, mtu wa kunisaidia kulea. Nilifikiria wewe. Nikaja nikapika.

Lakini si hilo linalonikaba. Jioni ile ile ya shangwe, Chubwi alikuwa anakausha vyombo. Akaniuliza bila kugeuka:

"Shangazi, si ulisema chewa hahami?"

Nikamwambia, "Wakati mwingine huhama."

Akasema sawa. Akamaliza kukausha, akapanga sahani, akaenda kulala. Ndugu yangu, nimechoka.

Dada yako

26 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama, kwa sababu hakuna pa kukaa.

Nikiacha kazi hii, getini kuna vijana wamepanga foleni tangu alfajiri, mkanda hautasimama hata nusu saa. Nikibaki, ndiyo hivi. Nikija nyumbani, nitakula kwa nani? Kwa shemeji? Nimezunguka na hayo maswali kama kuku aliyefungwa mguu. Wewe ni mkubwa wangu, tangu utotoni ukiniambia ruka naruka. Niambie nifanye nini.

Kreti za bluu zimeongezeka. Jana hereni zilipita nyingi, nyekundu, njano, kijani, michoro ya nyota na mioyo na majina yaliyokosewa. Nilizitoa mpaka mikono ikachoka. Zilizobaki nikaziacha zipite. Mashine ikazisaga vilevile.

Anajua? Niambie kweli, Chubwi anajua?

Mdogo wako

14 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Jino nimeling'oa. Paka amezaa ndani ya kabati la nguo za shemeji yako, naye kawaachia tu, kawawekea na kitambaa. Hivyo ndivyo alivyo, na usiponielewa basi.

Umeniuliza ufanye nini. Sijui. Nimekaa na barua yako siku nyingi nikitafuta la ukubwa, sikulipata. Baki hapo kwa sasa. Ningekuwa na lingine ningekwambia.

Umeuliza pia kama anajua. Nikueleze ya Jumamosi, halafu ujijibu.

Walikuja watoto wapya, wadogo wa darasa la kwanza, nikampa Chubwi awafundishe. Aliwapanga ukingoni mwa gati, akawaonyesha kulowesha mikono. Saa nyingi hakukuwa na kitu. Kisha mtoto wa kike mwembamba, meno ya mbele hana, akavua chewa. Chewa wa kidole, mdogo mno, sijui aliponaje. Alifurahi mpaka akataka kumpeleka kwa mama yake. Chubwi akamwekea kijiti, akamwonyesha hajafika, akamsaidia kufunga hereni. Yule mdogo akang'ang'ania, hataki kumwachia. Akauliza kama akimwachia atapata shida, kama kuna mtu atamchukua.

Mimi nilikuwa nyuma yao nafungua mshipi uliojisokota. Chubwi alininyanyulia macho, mara moja, kama mtu mzima anavyomtazama mtu mzima mwenzake mbele ya watoto. Kisha akachuchumaa, akamwambia yule mdogo kwa sauti laini, neno kwa neno:

"Hakuna atakayemchukua. Atasafiri mbali sana, atakuwa mkubwa. Baba yangu huwa anawaona."

Mtoto akaamini. Akainama, akamwachia samaki wake ndani ya maboya, na Chubwi akamshika gauni kwa nyuma asije akadondoka. Nilitaka kumwambia mwanao asidanganye watoto wa watu. Mdomo wa kumwambia hivyo sikuwa nao.

Dada yako